Foto Isiyokubali Kukuzwa

"Maman Charlène, papa ya batoto alikuwaka na sura gani?"

Chadia aliuliza hivyo siku moja akiwa ameketi kwenye ngazi ya nyumba ya jirani yake, beseni la majani ya sombe katikati ya magoti. Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa amehamia Bagira kutoka Uvira baada ya msiba wa jirani huyo, yeye na bwana yake aliyeuza vikwembe mjini, na kila siku kupitia ukuta wa mbao alisikia jina la Anaclet likitajwa. Anaclet ndiye aliyepanga mawe haya. Anaclet hakupenda maharagwe yenye chumvi nyingi. Anaclet angekuwepo, maji yasingeingia chini ya mlango. Chadia alimjua marehemu kama unavyomjua mpangaji anayetoka kabla hujaamka. Akatamani kumwona.

Bibiane, ndiye Maman Charlène, akafuta mikono kwenye kikwembe chake cheusi, akaingia ndani kuleta telefone.

Foto za bwana yake hazikuwa nyingi. Katika moja alikuwa ametupa mgongo, anapigilia bati la paa. Katika nyingine, ya ubatizo wa mtoto wa jirani wa avenyi yao, nusu ya uso wake ilifichwa na kofia ya mama mmoja mnene. Kulikuwa na ile iliyotoka Mwenga, wachimbaji wa dhahabu wamesimama mbele ya turubai, wote rangi moja ya udongo, na ilibidi uambiwe yeye ni yupi. Kisha ile. Anaclet ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa mbele ya mlango huuhuu, amevaa singileti ya matope, kichwa amekirudisha nyuma kidogo, anacheka. Charlène, binti yao mkubwa, ndiye aliyempiga foto kwa telefone ya Anaclet mwenyewe, mara ya mwisho alipokuja nyumbani. Aliporudi machimboni, Anaclet akamtumia Bibiane kwa WhatsApp.

"Alikuwa na meno mazuri," Chadia akasema. "Na hapa kando ya jicho ni nini?"

Akaweka vidole viwili juu ya kioo na kuvitanua, amlete karibu. Lakini jicho halikuja karibu. Liligeuka vipande vipande, kijivu na kahawia, kama ukuta wa matofali madogo, na kovu alilolitafuta likapotea humo.

Bibiane akaichukua telefone yake polepole. "Usimuvute sana," akasema. "Akivutwa, anaenda."

Chadia akaomba msamaha, wakaendelea na sombe.

*

Mlima ulimfunika Anaclet mwaka uliopita, yeye na wenzake wachache, ndani ya shimo huko Mwenga. Waliobaki juu walichimba mpaka tumaini likawaishia, kisha padri wa huko akaja akabariki kilima chote, wakaondoka. Hakuna jeneza lililorudi. Kilichorudi ni mfuko wake na telefone aliyokuwa ameiacha dukani ichajiwe. Vitu hivyo wachimbaji walimkabidhi Firmin, kaka yake mkubwa, huko Nyantende, maana ndivyo inavyofanyika: vitu vya marehemu vinaenda kwa ndugu zake. Bibiane hakuuliza. Mjane anayeuliza vitu mapema, watu wanasema alikuwa anangoja.

Sasa mwaka ulikuwa unatimia, na familia ilikaa Nyantende bila yeye ikaamua siku ya kumaliza matanga. Firmin alishuka mwenyewe mpaka Bagira kumwambia. Alikataa kiti, akakubali maji. Asubuhi ya siku hiyo, akaeleza, watu watakusanyika hapa uani, kwenye parseli. Mahali ambapo jeneza lingekaa kitawekwa kiti chenye kitambaa cheupe, na juu ya kiti foto kubwa. Kila mtu atapita mbele yake amuage, na mwenye kilio kilichobaki ndani atakimaliza hapo. Kisha misa. Kisha Bibiane atavua nguo nyeusi, na katika nyumba hii hakutakuwa na kilio tena.

"Foto njo itakuwa mwili," Firmin akasema. Akarudisha kikombe, akaenda.

Neno hilo lilibaki nyumbani baada yake. Mwaka mzima Bibiane alikuwa amesali, amewasha mishumaa, amekaa kwenye matanga ya wengine na kuwashika mikono, lakini yeye mwenyewe hakuwa amelia kile kilio kinachofika mwisho. Angelia juu ya nini? Wajane wengine walipewa uso, hata kama umebadilika. Waligusa paji, wakasema la kusema, wakafunika. Yeye alikuwa na mtu wa ukubwa wa kidole gumba, nyuma ya kioo kilichopasuka. Alichotaka, na hakumwambia yeyote ila Mungu, ni kumwona Anaclet mara moja tu kwa kipimo chake, uso ukubwa wa uso, macho ya bwana yake usawa wa macho yake mwenyewe, kabla hawajamwambia kwamba sasa basi.

Wakakaa na Charlène kuchagua. Walizipitia foto zote kwa heshima, hata ile ya mgongo, kana kwamba wangeweza kuchukua nyingine.

"Ile ya ndoo," Charlène akasema.

"Ile ya ndoo," mama yake akasema.

*

Studio ya Akilimali ilikuwa chumba kimoja karibu na soko la Bagira, mlango umezungukwa na foto za maharusi upande mmoja na za marehemu upande wa pili. Marehemu wote walikuwa wamevaa kostimu, suti za koti na tai. Courant ya umeme ilikuwa imekatika, kwa hiyo Bibiane na Charlène wakangoja kwenye benchi pamoja na mama mmoja aliyetaka Akilimali ampunguzie tumbo katika foto ya ndoa ya mwanawe. Bwana yake alikuwa anakataa. Alisema tumbo libaki, tena aliongeze kidogo, wakwe wajue kwamba kwake watu wanakula. Benchi lote likacheka, hata Bibiane, kisha akakumbuka nguo alizovaa akafunga mdomo.

Courant iliporudi Akilimali akawaita. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, anayesema na wafiwa kama mtu anayepita karibu na mtoto aliyelala. Akaitoa foto kwenye telefone, akaiweka kwenye mashini yake, akaitazama, akauliza ilifikaje.

"Yeye mwenyewe alinitumia, mu WhatsApp," Bibiane akajibu, na ndani ya jibu lake kulikuwa na fahari kidogo.

"Njo vile, maman. Foto ikipita mule inakonda mu njia. Inafika, lakini inafika bila nyama."

Bibiane akamwomba amwonyeshe tu, ukubwa wa mtu. Akilimali akasita, kisha akaikuza. Juu ya kioo cha mashini akatokea mtu wa vigae. Kicheko kilikuwa doa jeupe. Mahali pa macho palikuwa na giza lenye kona. Charlène akaangalia chini. Akilimali, ili asiwaache hivyo, akasema angeweza kulainisha, akasogeza vidole, na vigae vikayeyuka. Akabaki mwanamume mwenye ngozi ya mshumaa, asiye na kovu, asiye na ndevu za siku mbili, ambaye Bibiane hakuwahi kulala naye nyumba moja.

"Rudisha," akasema. "Minaomba, rudisha."

"Usiogope. Mimi sigusake ile ya kwanza. Ninafanya kopi, ninaharibu kopi." Akabonyeza mara moja, Anaclet akarudi mdogo, anacheka. "Telefone iliyomupiga iko wapi? Ile njo iko na nyama yote. Usimwambie mutu aitume. Ulete telefone yenyewe, nitaitoa na waya. Pale ata nimufanye mukubwa kama mulango, atabaki yeye."

Mkubwa kama mlango. Bibiane alipanda kilima kurudi nyumbani mbele ya binti yake, bila kupumzika pale alipozoea kupumzika. Njiani alisalimia watu ambao kwa kawaida aliwapita. Moyoni alikuwa anampima Anaclet kwenye ukuta wa sebule: kichwa chake kingefika pale penye msalaba.

*

Nyantende walifika wakati watu wanapalilia. Olive, mke wa Firmin, aliwapokea vizuri na kuwapeleka nyuma, jikoni. Sebuleni kulikuwa na viti, tena vitupu. Akawapa mihogo wamenye wakati wanangoja, kwa sababu, alisema, Papa Firmin anakula, na kuongea na mtu anayekula si vizuri. Bibiane akamenya. Alimenya kwa bidii na kwa unadhifu, maganda membamba, ili isije ikasemwa. Charlène alipotaka kufungua mdomo, mama yake alimkanyaga kidole cha mguu.

Walipoitwa, Firmin alikuwa anajifuta mikono. Alikuwa mtu mrefu, mwalimu wa kwaya ya parokia, aliyezoea kusimama mbele ya watu. Bibiane hakukaa mpaka alipoonyeshwa pa kukaa. Akazunguka kidogo kwenye habari za shamba na za mvua, kisha akasema kilichomleta.

"Telefone ile iko ya familia," Firmin akasema mara moja.

"Shemeji, sikukuya kuchukua telefone. Minaomba foto moja tu yenye iko ndani. Ile alikuwa anakaa ku ndoo. Tutaipeleka ku studio na waya, kisha tunakurudishia mu mukono, siku ileile."

Uso wa Firmin ukalegea. Alitabasamu kama mtu aliyeombwa kitu ambacho tayari amekifunga kwenye karatasi ya zawadi. Akaitoa telefone mfukoni, akaipangusa kwenye shati, akamwambia asisumbuke, kazi hiyo alikwisha kuifanya yeye. Aliifanya mwenyewe, siku ya Mungu baada ya misa, kwa mikono yake. Akampa.

Ilikuwa foto ya ndoo, na ndoo haikuwemo. Nyuma kulikuwa na mawingu na ngazi nyeupe inayopanda. Anaclet alivaa kostimu nyeusi na kravati nyekundu shingoni. Shingo ilikuwa imekaa upande kidogo juu ya kola, kama ya mtu anayesikiliza jambo chumba cha pili. Alikuwa amepauka. Kovu kando ya jicho halikuwepo, wala ndevu, wala mikunjo. Na kile kicheko, juu ya kravati ile, kilikuwa kimepunguzwa kikawa meno.

Bibiane akaitazama muda mrefu kwa sababu ya adabu.

"Tonton," Charlène akasema, "na ile ya kwanza iko wapi?"

"Njo hii."

"Hapana, tonton. Ile yenyewe. Kabla uibadilishe."

Firmin akaichukua telefone, akapandisha, akashusha. Akafungua hapa, akafunga pale. Kidole chake kikubwa kilianza kwa haraka, kisha kikawa polepole. Olive akasimama mlangoni na sahani mkononi, asijue kama aingie.

"Iliniuliza kama nihifazi," akasema mwishowe. "Nikasema ndiyo." Akamwangalia Bibiane, si kama mkubwa wa familia. "Ni mutu gani atasema hapana?"

Bibiane akaweka mkono juu ya goti la binti yake na kulibana. Hakuwa na hasira bado. Alikuwa kama mtu aliyepanda kilima chote akakuta kisima kimefunikwa. Mwaka mzima Anaclet alikuwa mzima ndani ya ile telefone, na nyama yake yote, na kovu lake, mfukoni mwa shati la kaka yake, umbali wa mwendo wa asubuhi moja. Na yeye hakuja kuuliza, kwa kuogopa maneno ya watu.

Firmin alikuwa ameshapata sauti yake. Akauliza kama walitaka wamwonyeshe mtu na singileti ya matope. Batu ya Mwenga batakuya, ya Bukavu batakuya, padri ataiangalia. Basemeje? Kwamba mudogo ya Firmin alikufa vile alivyokuwa anaishi, mu matope? Hakuvalishwa na mtu. Hakuoshwa na mtu. Wengine ndugu zao wanalala mu kostimu. Alisema yote hayo bila kupandisha sauti, akiangalia telefone, na kila aliposema "kuvalishwa" aligusa kioo.

"Umefanya kazi, shemeji," Bibiane akasema. Halafu akaomba, kama haitamkasirisha, aone zilizobaki.

Akampa. Zilikuwa nyingi, na Anaclet hakuwemo hata katika moja, kwa kuwa ndiye aliyezipiga. Kiganja cha mtu chenye punje za dhahabu zisizojaza ukucha. Sahani ya mchele. Mvua juu ya turubai. Viatu vyake mwenyewe vya mpira, vimesimama wima kama vinamngoja. Mbuzi juu ya mwamba. Mlima, mlima, mlima. Vitu vya mtu anayekusanya habari za kuja kuwasimulia watu wake. Bibiane alipita moja moja, hakuruka yoyote, akatazama kila kitu alichokuwa amekitazama. Kisha akairudisha telefone kwa mikono miwili, akashukuru, akaenda kumalizia mihogo ya Olive.

*

Akilimali hakuhitaji kuambiwa. Aliona mikono mitupu. Alieleza hata hivyo, kwa sababu alidhani kueleza kunapunguza. Kilichokwisha kuhifadhiwa juu ya kingine hakirudi. Na kilichokonda njiani hakinenepi, hata kwa mashini za Kinshasa. Angeweza kuchora uso mpya wenye kufanana, wapo wanaokubali.

Bibiane alikuwa amekaa mbele ya mashini, mfuko wake mapajani. Aliuliza kitu ambacho Akilimali hakuwahi kuulizwa na mfiwa.

"Inaweza kuvumilia mupaka wapi?"

"Namna gani, maman?"

"Punguza."

Akaanza na ule ukubwa wa mtu, akapunguza. Vigae vikakaribiana. Akapunguza tena, kona zikafa, giza la macho likapata macho. "Tena," Bibiane akasema. Uso ukawa wa sahani, ukawa wa kikombe. Kwenye upana wa kiganja, kovu likarudi, jembamba, kando ya jicho la kushoto. Ndevu za siku mbili zikarudi. Kichwa kikainuka, na kicheko kikawa tena kina sababu.

"Simamisha pale."

Akilimali akafanya kopi. Hakukata kitu, ndoo ikabaki, mlango ukabaki, singileti ikabaki na matope yake. Alifungua tu mwanga kidogo upande wa uso uliokuwa kivulini, akauliza kama ni sawa, akafungua nusu ya hapo, akaacha. Akaitoa kwenye karatasi nzuri. Alipomkabidhi, akasema kwa upole kwamba kwenye parseli iliyojaa watu hakuna atakayemwona.

Bibiane akaitia ndani ya kitabu chake cha sala, akaondoka. Ule ukuta wa sebule, na kichwa kinachofika kwenye msalaba, aliuachilia njiani, na haukukubali kuachiliwa kwa mara moja.

*

Siku ya kumaliza matanga watu walijaa mpaka barabarani. Firmin alikuja mapema na foto yake ile ya kostimu ndani ya kadri, fremu ya rangi ya dhahabu, kubwa kiasi kwamba watu wawili waliibeba. Wakaiweka juu ya kiti chenye kitambaa cheupe. Ilikuwa inaonekana vizuri hata kutoka kwa Chadia.

Watu wakapita. Walisimama, wakainamisha kichwa, wakafanya ishara ya msalaba, wakaenda kutafuta kivuli. Wachimbaji waliotoka Mwenga walisimama mbele yake wamevua kofia na kutazamana. Mmoja akasema kwa sauti ndogo kwamba kumbe mbinguni wanalipa vizuri. Mwenzake akamgonga na kiwiko, lakini alikuwa ameshacheka. Mzee mmoja wa ukoo aliuliza kama Anaclet alifanyaka kazi ya benki.

Tantine Adolphine alikuwa ametoka Luvungi kwa kazi hiyohiyo ya kulia. Ndiye aliyeanzisha vilio vyote vya familia. Yeye akipaza sauti, hata watu waliokuja kwa ajili ya chakula walipata machozi. Akafunga kikwembe kiunoni, akasimama mbele ya kadri, akalia jina la mtoto wa ndugu yake. Akaita tena. Sauti ilipanda, ikatafuta mahali pa kushika, ikateleza kwenye kioo, ikashuka. Wanawake waliokuwa tayari kumpokea wakabaki midomo wazi. Adolphine akakohoa, akasema vumbi ni jingi leo.

Firmin akasogeza kiti upande, akasema ni jua, linapiga kioo. Akapangusa kadri na kitambaa chake. Akarudi nyuma kuangalia, akasonga mbele tena kupangusa. Mashavu yake yalikuwa yameingia.

Bibiane aliyaona yote kutoka dirishani. Kumwaibisha shemeji mbele ya ukoo siku kama hii ni dhambi, na pia ni ujinga, maana kesho ni yeye atakayesimama kwenye ndoa ya Charlène. Alisali, na sala haikumwambia kitu. Kisha akafungua kitabu, akatoka na ile foto ndogo imefichwa kwenye kiganja, akaketi kwenye mkeka chini ya kiti, mahali ambapo mjane angekaa, karibu na kichwa cha jeneza. Hakumwita mtu. Aliifungua mikono tu, akaitazama mwenyewe.

Adolphine ndiye aliyeuliza. "Uko na nini pale, mama?"

Bibiane akaipandisha kidogo. Adolphine akainama, hakuona, akapiga goti moja, akapiga la pili, akaleta uso wake karibu na kiganja mpaka pumzi yake ikagusa karatasi. Akakaa hivyo. Kilio kilichomtoka hakikuwa kile cha kazi. Kilikuwa kidogo, cha koo, kama cha mtu aliyekanyagwa.

Wakaja wengine kuona. Mtu mmoja nyuma akalalamika kwamba foto gani hiyo, wa nyuma hawaoni kitu, ipandishwe juu ya kiti.

"Bakaribie," Bibiane akasema.

Wakakaribia. Ilibidi waje mmoja mmoja, na ilibidi wapige magoti, hakuna namna nyingine ya kumwona. Wachimbaji wa Mwenga walipiga magoti na suruali zao za sikukuu. Yule aliyetania alikaa zaidi ya wenzake, na alipoinuka akasahau kofia yake kwenye mkeka. Chadia akaja, mtandio kichwani, akatazama bila kunyoosha kidole. Parseli nzima ikawa inalia, bila kupangwa, huku na kule. Bibiane alikuwa ameishika foto kwa mikono miwili, kwa hiyo machozi yake yalishuka mpaka kidevuni, hakuweza kuyafuta, na hakutafuta mtu wa kumshikia.

Firmin alikuja mwisho. Watu wakampisha, sauti zikapungua, kila mmoja akingoja kusikia atakachosema. Alisimama kwanza na urefu wake wote. Kisha akakunja miguu, akaketi kwenye mkeka mbele ya mke wa mdogo wake, akainama. Aliangalia singileti. Aliangalia matope. Alipofika kwenye uso, hakwenda mbali zaidi.

"Alikuwa anacheka nini?" akauliza.

Bibiane akamtazama Charlène, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na telefone mkononi siku ile, lakini Charlène alikuwa amefunika macho.

"Alikuwa anatusimulia weye," Bibiane akasema. "Siku ulimubeba mu mugongo mukienda ku misa, yeye angali mudogo, mukaanguka mu matope. Alisema ulivua shati yako nyeupe ukamuvalisha, ukamufunga vifungo vyote mupaka ku shingo, ukamusukuma aingie. Weye ukabaki inje, kifua wazi, unaimbia ku dirisha. Padri akasimamisha misa ju ya kuangalia njo nani anaimba vile. Pale njo alifika mu habari. Pale njo mutoto alimupiga foto."

Mkono wa Firmin ulipanda mpaka kwenye kola ya shati lake, ukashika kifungo cha juu, ukakiacha. Akainuka. Akaenda mpaka kwenye kiti, akaikumbatia ile kadri kubwa peke yake, ile iliyokuwa imeletwa na watu wawili, akaigeuza kioo kifuani, na watu wakampisha tena, akatoka nayo kwa mlango wa parseli.